Wosia wa Martin Luther wa Mwaka 1542 na Haki ya Mjane wa Mchungaji

Katika vyuo vyetu vya theolojia mwanafunzi hufundishwa kwa urefu habari za hoja tisini na tano za mwaka 1517, za Baraza la Worms la mwaka 1521, na za Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Iko hati moja ya Martin Luther ambayo husahauliwa karibu kila mara, labda kwa sababu haina mabishano ya imani yanayoonekana upesi. Hati hiyo ni wosia wake, alioutia tarehe 6 Januari 1542, siku ya Epifania, na ambao ndani yake yanatajwa shamba, nyumba, vikombe vya fedha na madeni. Tumeona vema kuieleza kwa watumishi wenzetu na kwa wale wanaojiandaa kwa utumishi, kwa maana tumewazika wachungaji wenzetu si wachache, na mara nyingi juma la pili baada ya maziko limekuwa zito kwa mjane kuliko siku ya maziko yenyewe.

Ili wosia huo ueleweke, yafaa kwanza tujue sheria ya mahali pale. Saksonia ilitawaliwa na desturi za kale zilizokusanywa katika karne ya 13 katika kitabu kiitwacho Sachsenspiegel. Kwa sheria hiyo mjane hakuwa mrithi wa mumewe. Alipewa vyombo fulani vya nyumbani vilivyohesabiwa kuwa vya wanawake, pamoja na kile alichoahidiwa wakati wa ndoa. Mali yenyewe ilikwenda kwa watoto. Tena hakuweza kusimama peke yake mbele ya sheria, bali aliwekewa mlezi mwanamume wa kusema na kutia sahihi kwa niaba yake. Katharina von Bora alikuwa katika hali mbaya zaidi kuliko wanawake wengi wa siku zake. Alitoroka katika nyumba ya watawa ya Nimbschen mwaka 1523, na alipoolewa na Luther tarehe 13 Juni 1525 hakuleta mali yoyote kutoka kwao. Kwa hiyo hata kile kidogo ambacho sheria ilimrudishia mjane, yeye hakuwa na msingi wa kukidai.

Luther alilijua jambo hili mapema. Mwezi wa Julai mwaka 1527 alishikwa na ugonjwa wa ghafula hata akadhaniwa kuwa anakufa. Bugenhagen na Jonas waliokuwapo waliandika habari zake, na katika habari hizo twaona mgonjwa akimkabidhi mkewe na mtoto wao mchanga Hans kwa Mungu, kisha akimkumbusha mkewe kuwa hawana kitu ila vikombe vya fedha walivyopewa. Ni maneno ya mtu mnyofu, lakini ni maneno tu. Kama angekufa siku ile, Katharina angebaki na vikombe, na hata hivyo vingegombewa.

Ugonjwa wa mwaka 1537 watufundisha zaidi. Luther alikuwa amekwenda Schmalkalden, mahali watawala wa Kiinjili walipokutanika, akashikwa na ugonjwa wa mawe katika figo. Mkojo ukazuiwa kwa siku nyingi, na matabibu waliokuwapo wakajaribu kila walichojua bila kufaulu. Hapo ndipo mgonjwa mwenyewe alipotoa uamuzi: hakutaka kufia Schmalkalden, akaomba apelekwe kwao, ajapokuwa katika maumivu makali. Aliwaambia wenzake waziwazi nini afanyiwe, na alimwagiza Bugenhagen juu ya mkewe na watoto wake kwa maneno yaliyoandikwa mara moja. Mtawala wa Saksonia, Johann Friedrich, alimtembelea kitandani na kumwahidi kuwa atawatunza mkewe na watoto kama walio wake mwenyewe. Ahadi hiyo, tutakavyoona, ilikuja kuwa na uzito kuliko hati.

Tarehe 26 Februari akatiwa garini. Njia ilikuwa mbovu, na usiku ule walipofika Tambach mkojo ukafunguka. Wengi wamesema kuwa mtikisiko wa gari ulifanya kazi ambayo dawa hazikuifanya. Kesho yake alimwandikia Katharina barua akimweleza kwamba alikuwa amekwisha kufa na kwamba alikuwa amemkabidhi kwa Mungu pamoja na wadogo. Hakukosa kumtania kwamba hata tiba zake za nyumbani, iliyokuwamo samadi, hazikumfaa. Sisi tunaoingia wodini kila juma tunajua jinsi mambo haya yanavyokwenda kwetu. Mgonjwa bado ana akili zake timamu, lakini ndugu wanaamua nje ya mlango kama apasuliwe, kama ahamishiwe hospitali ya rufaa, au kama arudishwe kijijini. Shemeji wanasema, baba wadogo wanasema, na mke anaulizwa mwisho, pengine haulizwi kabisa. Luther hakuwaachia wengine kazi hiyo. Alisema mwenyewe angali na nguvu za kusema, na alisema mbele ya mashahidi.

Hata hivyo ilipita miaka mitano kabla hajaandika. Katika miaka hiyo mali ya nyumba ile ilikuwa imeongezeka, na yapasa kusema kweli kwamba iliongezeka kwa juhudi ya Mama Katharina kuliko ya mumewe. Monasteri ya zamani ya Waagustino waliyokaa ndani yake walipewa iwe yao mwaka 1532. Katharina aliijaza wanafunzi wa kupanga, akafuga, akalima, akapika pombe ya nyumba. Luther alikuwa mtu wa kutoa. Kilichoingia mkononi mwake kilitoka upesi. Mwaka 1540 walinunua shamba dogo la Zülsdorf, lililokuwa la jamaa ya Katharina, kwa gulden 610. Baadaye ikanunuliwa nyumba ndogo iliyojulikana kwa jina la Bruno, kwa kuwa Luther aliona kwamba mjane hataweza kuitunza monasteri kubwa namna ile.

Wosia wa mwaka 1542 unampa Katharina shamba la Zülsdorf, nyumba ya Bruno, na vikombe pamoja na vito, pete na sarafu za zawadi, ambavyo kwa makadirio yake vilifikia thamani ya gulden 1000 hivi. Alimpa awe navyo maisha yake yote. Kisha anaeleza kwa nini, na hapa ndipo penye utajiri wa hati hii. Anashuhudia kuwa Katharina amekuwa mke mwaminifu, amempenda, na amemzalia na kumlelea watoto watano waliokuwa hai wakati ule. (Mmoja wao, Magdalena, alifariki mwezi wa Septemba mwaka uo huo, baba aliyekuwa akipanga mambo ya kifo chake alimzika binti yake kwanza.) Anaeleza kwamba Katharina atayabeba madeni, yapata gulden 450. Na sababu iliyo kubwa kwake ni ya tatu: hataki mama aitazame mikono ya watoto, bali anataka watoto waitazame mikono ya mama, wamheshimu na kumtii, kama Mungu alivyoamuru.

Msomaji ataona mara moja kwamba hii ni Amri ya Nne. Luther aliyeandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 hakuiacha darasani. Aliipeleka katika shamba na nyumba. Tena alikuwa na macho ya mchungaji. Anasema kuwa ameona jinsi Shetani anavyotumia ndimi mbaya kuwachochea watoto, hata walio wema, juu ya mama yao aliyefiwa, hasa wana wanapooa na binti wanapoolewa. Anaamini kuwa mama ndiye mlezi aliye bora wa watoto wake. Akiolewa tena? Hata hilo analitaja, na analiacha mikononi mwake kwa matumaini kuwa atagawana na watoto kwa haki. Na kwa kuwa alijua uvumi wa miji, anashuhudia kwamba hakuna fedha iliyofichwa nyumbani, ili mtu asije akamshitaki mjane kuwa ameificha. Wako wajane wangapi kwetu waliotafutwa funguo za kabati kabla ya matanga kwisha?

Mpaka hapa twaweza kumsifu. Lakini yapasa pia tuseme mahali alipokosea. Luther hakuwapenda wanasheria, na wosia wake aliuandika kwa makusudi bila kufuata taratibu zao. Hakwenda kwa mthibitishaji wa hati. Anadai aaminiwe kwa jinsi alivyo, kwa kuwa yeye ni mtu anayejulikana mbinguni, duniani na hata kuzimu, na kwamba mkono wake utosheke kuliko mkono wa mthibitishaji. Melanchthon, Cruciger na Bugenhagen walitia sahihi zao, na mwishoni Luther anamwomba Mtawala aulinde. Maneno yale juu ya mbingu na kuzimu wanafunzi huyafurahia sana. Sisi tunapoyasoma twamfikiria mjane. Kiburi kidogo cha mume, hata kikiwa cha mtakatifu, hulipwa na mke.

Ilikuwaje basi? Mwezi wa Januari 1546 Luther alikwenda Eisleben, mji aliozaliwa, kuwapatanisha mabwana wa Mansfeld, watu wa ukoo mmoja waliokuwa wakigombana kwa miaka juu ya haki na mali za ukoo. Ndiyo kazi yake ya mwisho. Alifariki huko tarehe 18 Februari 1546, na kabla ya kukata roho aliulizwa na Jonas na Coelius kama anadumu katika Kristo na mafundisho aliyoyahubiri, akaitikia. Wanawe Martin na Paul walikuwapo. Katharina alikuwa Wittenberg.

Kisha yakaanza yale tuyajuayo. Kansela wa Saksonia, Gregor Brück, hakuutaka mpango wa wosia. Wasomaji wasidhani kuwa Brück alikuwa adui wa Injili: ndiye aliyeandika dibaji ya Ungamo la Augsburg. Alikuwa mtu wa Kanisa, mwenye busara ya serikali, na alifikiri kwamba anawatetea watoto. Alimwona Katharina kuwa mwenye matumizi makubwa, akataka wana watengwe naye na kuwekwa kwa watu wengine ili wasome, na alipinga azma yake ya kununua shamba la Wachsdorf karibu na Wittenberg. Mtawala Johann Friedrich ndiye aliyeamua. Mwaka ule ule wa 1546 aliuthibitisha wosia, na Wachsdorf likanunuliwa. Lakini waangalizi waliwekwa, kwa mjane na kwa watoto, jambo ambalo Luther hakulitaka. Kwa hiyo wosia ulisimama nusu, na hata hiyo nusu ilisimama kwa sababu mtawala alimjua marehemu na alikuwa ameahidi kitandani pake huko Schmalkalden. Sheria haikumsaidia Katharina. Urafiki ndio uliomsaidia, nao ulikoma upesi: tarehe 24 Aprili 1547 Johann Friedrich alishindwa vitani Mühlberg, akatekwa, na Wittenberg ikapata bwana mwingine. Katharina alikimbia na watoto hadi Magdeburg, kisha Braunschweig. Aliporudi alikuta mashamba yameharibiwa. Alirudia kupangisha vyumba, akamwandikia mfalme Christian III wa Denmark akiomba msaada. Mwaka 1552, akikimbia tauni kuelekea Torgau, alianguka katika ajali ya gari, naye akafariki huko tarehe 20 Desemba.

Kanisa la Kilutheri la Ujerumani lilijifunza polepole. Nyumba ya mchungaji ni ya kazi, na kazi ikikoma nyumba hudaiwa. Hili ni jambo jipya lililoletwa na ndoa ya makasisi, kwa maana padre wa kale hakuacha mjane wa halali. Ndipo zikatokea taratibu za kumwachia mjane mapato kwa muda baada ya kifo, na mahali pengine nyumba zikajengwa kwa ajili ya wajane wa wachungaji. Kaskazini palikuwa na desturi nyingine, ya kumtaka mchungaji mpya amwoe mjane au binti wa yule aliyemtangulia, ili familia isifukuzwe. Desturi hiyo iliwafikia hata wapiga kinanda: Buxtehude alipopata kazi katika kanisa la Maria mjini Lübeck mwaka 1668 alimwoa binti wa mtangulizi wake, na Handel na Mattheson walipofika huko mwaka 1703 kuitazama kazi hiyo, walirudi zao wote wawili. Wachungaji wetu wanaocheka wanaposikia habari hizi na wakumbuke desturi ya kurithi wajane katika koo zetu.

Sasa twaja kwetu. Mwaka 1963, mwaka ule ule ambao makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa KKKT, serikali ya Tanganyika ilitoa Tangazo la Sheria za Mila, Namba 436, lililoweka kwa maandishi kanuni za urithi za makabila mengi. Kanuni ya 27 ya urithi ilisema kwamba mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, na kwamba fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Na msomaji airudie sababu ya tatu ya Luther. Kile alichokikataa Wittenberg mwaka 1542, yaani mama kuitazama mikono ya watoto, ndicho kilichoandikwa kuwa haki ya mjane katika nchi yetu zaidi ya miaka mia nne baadaye. Hatusemi kuwa mila haikuwa na huruma. Ilitungwa kwa ukoo unaokaa pamoja, ambapo shamba la mama na la mwana ni moja. Mjane wa mchungaji aliyehudumu sharika tano mbali na kwao hana shamba hilo, na wana wake wako Dar es Salaam.

Mahakama zimeligusa jambo hili mara kadhaa. Mwaka 1969 Jaji Mkuu Georges aliamua kwamba marehemu aliyeacha namna ya maisha ya kimila mali yake igawanywe kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika, na ambayo humpa mjane mwenye watoto theluthi moja. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa baba yake aweza kuiuza sawasawa na mwanamume. Tunawaomba wanafunzi waangalie kuwa mwanamke huyo aliipata ardhi ile kwa wosia. Baba wa kijijini alikuwa amefanya kwa binti yake kile Luther alichofanya kwa mkewe, na tunakumbuka binti za Selofehadi waliosimama mbele ya Musa (Hes. 27:1-11). Lakini wajane wawili wa Kisukuma walioipinga sheria ya mila yenyewe hawakufaulu. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri ubaguzi uliomo bila kuibatilisha, na rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki na kuitaka serikali irekebishe sheria hizo.

Kasoro ya hati! Hapa ndipo somo la Wittenberg linapotuuma. Tangazo la mwaka 1963 lilikuwa na kanuni za wosia pia. Wosia wa maneno ulitakiwa mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma ulitakiwa mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na wa asiyejua kusoma wanne. Na mke aliyeko nyumbani awepo. Tukiupima wosia wa Luther kwa kanuni hizo unaanguka, kwa maana mashahidi wake wote watatu walikuwa walimu wenzake wa chuo, wala hapakuwa na mtu wa ukoo wa Luther hata mmoja, ingawa ndugu yake Jakob alikuwa hai. Ukiupima kwa Sheria ya Urithi ya India, inayotaka mashahidi wawili bila kuuliza ukoo wao, huenda ungesimama. Mchungaji asiyejua familia yake itahukumiwa kwa sheria ipi na aandike wosia unaotimiza zote mbili: aweke tarehe, aite ndugu mmoja wa ukoo na jirani mmoja, ambao hawarithi kitu, atie sahihi mbele yao, amtaje msimamizi wa mirathi, na aikabidhi nakala mahali pa salama, kama vile kwa RITA, wakala wa serikali anayetunza wosia. Asiseme kuwa anajulikana. Msajili wa mahakama hamjui.

Wako wanaosema kwamba kuandika wosia ni kujiita kifo. Hofu hiyo tumeikuta hata kwa wazee wa Kanisa. Twawajibu kwamba Isaya alimwagiza Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake, na Hezekia aliishi miaka kumi na mitano zaidi (2 Fal. 20:1-6), Luther naye aliishi minne. Wengine husema kuwa mchungaji hana mali. Luther alisema hivyo mwaka 1527. Mwenye kiwanja cha nusu eka, baiskeli, akiba ya uzeeni na vitabu ana mali ya kutosha kuwagombanisha ndugu. Na katika maelezo ya Amri ya Tisa, ambayo twawakaririsha watoto wa Kipaimara kila mwaka, Katekisimo Ndogo hutukataza kuutafuta urithi wa jirani au nyumba yake kwa hila, au kuvitwaa kwa kisingizio cha haki. Maneno yale juu ya kisingizio cha haki yalitungwa na mtu aliyewaona wanasheria wakifanya kazi. Ni vizuri mchungaji ayafundishe pia katika kikao cha ukoo siku ya kuanua matanga, mahali ambapo kisingizio hicho husemwa kwa sauti ya upole na kufungwa kwa sala, na mara nyingine sala hiyo ameombwa yeye aiongoze.

Watoto wa Luther waliiuza ile monasteri kwa chuo kikuu cha Wittenberg mwaka 1564. Wosia wenyewe, uliokataa mkono wa mthibitishaji, umeokoka hadi leo. Hauko Wittenberg, umetunzwa Budapest, katika kumbukumbu za Kanisa la Kilutheri la Hungaria.